Akte ya mauzo: kilichoandikwa na kilichonyamaziwa

Wandugu, juma iliyopita mama alitoa karatasi moja ndani ya pochi, ameikunja mara nne, akaniambia: «Weye njo ulisoma. Angalia kama iko sawa. Siku ya posho tunaenda kutia mukono.»

Ni akte ya mauzo ya parseli: metre 15 kwa 20, kwenye mlima mmoja wa komini Bulengera, hapa Butembo. Franga ni za mama. Ni likelemba ya miaka minne, pamoja na faida ya maharagi. Mimi nilisomea fasihi, sikusomea sheria. Basi niliisoma karatasi ile namna tulivyofundishwa kusoma kila andiko: nani anasema, anamwambia nani, na ni kitu gani ananyamazia.

Nianze na uzuri wake, maana uko. Bei imeandikwa kwa tarakimu, kisha kwa maneno, kisha tena kwa tarakimu ndani ya mabano. Mahali pa franga, mwandishi haachi hata tundu la sindano. Imeandikwa kwamba zimehesabiwa mbele ya mashahidi, kwamba muuzaji amezipokea zote, kwamba hatadai kitu tena. Aya tatu juu ya franga, lakini juu ya parseli yenyewe ni mistari miwili tu: «Kaskazini inapakana na papa fulani, mashariki na njia, kusini na mikaratusi, magharibi na mto mdogo.»

Mikaratusi! Wote tunajua mikaratusi ya Butembo: leo iko, kesho imekuwa makala na miti ya kujengea. Na papa fulani akihama, mpaka wa mama unahama naye?

Neno lililonisumbua zaidi ni «ninauza udongo wangu». Sheria ya 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema udongo ni mali ya Leta peke yake na hautolewi kwa mtu kuwa mali yake. Kile ambacho Mkongomani anaweza kupata ni konsesio, hata ya milele, ni kusema haki ya kutumia. Na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya anrejistrema. Sasa huyu papa haiko na sertifika. Iko na fichi ya parseli, na fichi hiyo ina jina la marehemu baba yake. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya akte inauza kitu ambacho muuzaji hana, na inanyamazia kile ambacho pengine anacho: nyumba ya tofali mbichi, manjanja 24, na miaka mingi ya kukaa pale bila mtu kumfukuza.

Ninajua mtanijibu nini. «Weye, Butembo nzima inakaa hivyo.» Ni kweli. Hatua za kufikia sertifika ni mingi: kupimwa na kadasitre, mkataba na Leta, kujenga kwanza ndipo konsesio, na kwenye kila meza kuna kitu cha kulipa. Simlaumu mtu aliyeishia njiani. Ninalaumu karatasi inayojifanya kwamba njia imekwisha.

Kama ningekuwa sina yaya, pengine ningenyamaza. Yaya wangu anakaa Beni. Mwaka 2020 alinunua parseli pembeni ya mji, upande ambao watu walikuwa wanahama kila jioni kwa kuogopa wauaji. Mnakumbuka, mambo hayo tuko nayo tangu Oktoba 2014. Muuzaji alikuwa na haraka, bei ilikuwa nusu, na yaya alifurahi. Akte ilikuwa na mashahidi wanne na kasiksi ilinywewa. Kisha miezi saba, mama mmoja alifika na watoto watatu akasimama mulangoni. Alikuwa mke wa muuzaji. Alikuwa amekimbilia huku Butembo na watoto, na bwana aliuza bila kumwambia. Hakuna pahali kwenye akte ambapo jina lake lilionekana. Na Kodi ya Familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka bibi na bwana wakubali wote wawili kabla ya kuuza mali kama hiyo. Yaya alilipa mara ya pili. Alisema kitu ambacho sijasahau: «Sikununua parseli, nilinunua woga wa mutu.»

Ndiyo maana nilipofika kwenye mistari ya mwisho ya akte ya mama nilitafuta bibi ya muuzaji. Hayuko. Ndugu zake, waliorithi pamoja naye? Hawako. Kuko «mashahidi wa upande wa muuzaji: 2, mashahidi wa upande wa mnunuzi: 2», na chini kabisa: «Imefanyika Beni.»

Beni! Sisi tuko Butembo. Mwandishi alichukua akte ya mtu mwingine kwenye kompyuta, akabadilisha majina na bei, akasahau mji. Hapo nilicheka, kisha nilipata haya, maana mwandishi ni mmoja wetu. Iko na diploma, anakaa kwenye sekretaria kando ya barabara, dola tano akte moja. Wangapi kati yetu wameandika karatasi kama hizo? Mimi niliandika mbili, wakati wa likizo, na hakuna hata moja ambayo niliuliza muuzaji kama ameoa.

Rafiki mmoja anayesoma Uingereza aliniambia kwamba kule, tangu Desemba 1990, kitabu cha wenye nyumba kiko wazi: unalipa ada ndogo, unaona jina la mwenye nyumba hata kama ni jirani usiyemsalimia. Nilimwambia sisi pia tuko na kitabu, ila hakiandikwi. Siku ya ine nilipanda kule mlimani peke yangu, bila komisioneri, nikakaa kwenye chemchemi na mama mmoja aliyekuwa anajaza madumu.

«Mama, ile parseli ya mikaratusi, iko na matata?»

«Matata hapana, mwanangu. Ila mvua ikinyesha sana, korongo inakula upande wa chini. Mwaka uliopita ilichukua choo.» Akanyamaza kidogo. «Na ule mukubwa wao, ule wa Kampala, bamemuuliza?»

Kwa dakika kumi alinipa kile ambacho kurasa moja na nusu hazikunipa: ndugu wa tatu, choo kilichokwenda na maji, nani alimfungia nani njia. Akaniuliza pia kama mama yangu anasali wapi na kama tuko na mbwa mukali. Naye alikuwa ananisoma.

Siwezi kumwambia mama aache. Tunapanga, na mwenye nyumba alituomba garanti ya miezi sita, wakati sheria ya 31 Desemba 2015 inasimama kwenye mitatu kwa nyumba ya kukaa. Mama amechoka kuhamisha vyungu. Basi niliandika akte upya. Niliweka kwamba kinachouzwa ni nyumba pamoja na haki ya kukaa pale, si udongo. Nikaweka vipimo kutoka jiwe mpaka jiwe, nikaacha mikaratusi. Nikaongeza mistari mitatu: bibi atie mukono, ndugu wote warithi watie mukono, yule wa Kampala kwa barua, na sehemu ya mwisho ya franga ilipwe siku fichi itakapobadilishwa jina.

Jana jioni karatasi ilirudi. Jiwe mpaka jiwe, wamekubali. Bibi, wamekubali, ameshatia kidole. Mustari wa ndugu wa Kampala umefutwa kwa bik nyekundu, na ule wa franga pia. Komisioneri anasema kuko mnunuzi mwingine, anakuja posho asubuhi na franga zote mukononi.

Mama ananiangalia. Leo ni siku ya tano.