Waya Usiolala: Swichi Ndogo Iliyochoma Magari Yaliyozimwa

Gari limeegeshwa tangu jioni. Injini imezimwa, milango imefungwa, ufunguo uko ndani ya nyumba. Saa kadhaa baadaye moshi unaanza kutoka chini ya boneti, kisha moto unashika gari zima na pengine nyumba iliyo ubavuni mwake. Kwa miaka mingi visa vya namna hii viliripotiwa Marekani kwa mamia, vikihusu magari ya Ford pamoja na ndugu zake wa Lincoln na Mercury. Waliochunguza mabaki walijikuta wakirudi mahali pamoja: kwenye masta silinda ya breki, palipofungwa swichi ya kukata kruzi, kifaa kidogo kinachoenea kiganjani.

Kruzi ni mfumo unaoshikilia mwendo aliouchagua dereva bila yeye kuendelea kukanyaga mafuta. Ni kitu tofauti na kidhibiti mwendo cha mabasi na matatu, ambacho humzuia dereva asivuke kasi iliyowekwa. Aliyeipatia kruzi hataza, mwaka 1950, ni Ralph Teetor, mhandisi wa jimbo la Indiana aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 5. Chrysler iliifunga kwenye magari yake ya mwaka 1958, likiwemo Imperial, kwa jina la Auto-Pilot. Tangu hapo kila mtengenezaji amelazimika kuhakikisha mambo mawili: mfumo ushike mwendo, na uuachie mara dereva anapogusa breki. La pili ndilo zito. Kruzi ikikataa kuachia, injini inasukuma gari huku breki zinalizuia.

Katika magari mengi ya Ford ya miaka ya 1990, mwendo ulishikwa na mota ndogo ya umeme iliyovuta kebo ya mafuta. Kati ya mota na kebo palikuwa na klachi ya umeme: ikipata umeme inashika, ikiukosa inaachia. Wahandisi waliweka njia mbili za kuiachisha. Ya kwanza ni swichi ya taa za breki iliyo kwenye kanyagio, ambayo huujulisha mfumo kwamba dereva amegusa breki. Ya pili ni swichi ya presha. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, presha ya mafuta ya breki inaisukuma swichi hii ifunguke, na klachi inakatiwa umeme moja kwa moja. Ya kwanza ikishindwa, ya pili inaokoa. Wazo hilo ni jema, na hakuna fundi makini atakayelilaumu.

Balaa lilianzia katika namna lilivyotekelezwa. Swichi ya presha, iliyotengenezwa na Texas Instruments, ina pande mbili: huku mafuta ya breki, huku ncha za umeme. Kinachozitenganisha ni kiwambo cha tabaka nyembamba za Kapton, plastiki ya DuPont inayosifika kwa kustahimili joto. Kila breki inapokanyagwa, kiwambo kinabonyea, inapoachiwa, kinarudi. Gari likitumika miaka mingi, kiwambo kinakuwa kimebonyea na kurudi mara zisizohesabika. Hatimaye kinachanika, na mafuta ya breki yanapenya kidogo kidogo kwenda upande wa umeme.

Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kufyonza unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyochakaa ndivyo yanavyobeba maji na uchafu zaidi. Yakikaa kwenye ncha zenye umeme, yanazitia kutu. Kutu na mafuta machafu vinajenga njia ya umeme kutoka kwenye ncha hadi kwenye ganda la chuma la swichi. Ganda hilo limekazwa kwenye masta silinda, na masta silinda imeshikana na bodi ya gari, ambayo ni ethi. Hapo shoti imepatikana, lakini shoti ya taratibu: mkondo unavuja, unapasha joto, unakausha na kuunguza plastiki, kisha unavuja zaidi.

Hesabu yake haihitaji chuo. Klachi ya kruzi hutumia mkondo usiofika ampea 1. Fyuzi iliyolinda waya wake, kwa sababu ililinda na vifaa vingine, ilikuwa ya ampea 15 au 20. Tuseme uvujaji umefika ampea 5. Betri ya voti 12 ikisukuma ampea 5 inatoa wati 60, nguvu inayotosha kupasha moto chuma cha kulehemu cha fundi redio. Joto hilo lote limo ndani ya kifaa kidogo cha plastiki kilicholowa mafuta yanayoweza kuwaka. Na fyuzi? Fyuzi ya ampea 15 haioni tatizo lolote kwenye ampea 5. Inaendelea kuruhusu umeme upite mpaka moto uwake.

Limebaki swali la ufunguo. Kwa nini gari lililozimwa liungue? Jibu ni kwamba swichi hii ilipewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila kupitia swichi ya kuwashia gari. Kruzi haina kazi yoyote gari likiwa limeegeshwa, lakini waya wake ulibaki na umeme usiku na mchana. Gari likitembea, angalau dereva yupo, ataona moshi na kusimama. Gari likiwa limelala, hakuna wa kuona.

Hapo ndipo uchambuzi wa tukio hili unapofaa kutuama. Kiwambo kinachochoka, fyuzi kubwa kuliko mahitaji na waya usiozimika ni mambo matatu, na kila moja likisimama peke yake halichomi gari. Kiwambo kikichanika kwenye waya unaozimwa na ufunguo, kruzi itakufa na mafuta yatavuja kidogo. Waya ukiwa hai muda wote lakini umelindwa na fyuzi ndogo, fyuzi itakatika. Yakikutana yote matatu katika kifaa kimoja, moto unasubiri siku tu.

Mwaka 1999 Ford iliita magari ya kwanza yarudishwe: takriban 279,000 ya aina za Crown Victoria, Grand Marquis na Town Car ya miaka ya 1992 na 1993. Tiba ilikuwa kubadilisha swichi. Januari 2005 ikafuata awamu ya magari karibu 792,000, yakiwemo pikapu za F-150 na Expedition. Septemba mwaka huohuo yakaitwa milioni 3.8, Agosti 2006 milioni 1.2, na Agosti 2007 milioni 3.6. Oktoba 2009 yakaongezwa mengine milioni 4.5, wakati mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikihitimisha uchunguzi wake. Jumla ilivuka milioni 14, mojawapo ya miito mikubwa kabisa katika historia ya magari nchini humo.

Mfuatano huo unauma ukiusoma. Kati ya mwito wa kwanza na wa mwisho ni miaka 10, na umeme ulikuwa uleule. Kila awamu ilihusu kundi la modeli zilizokuwa zimeonyesha moto, huku modeli nyingine zenye swichi ya aina hiyo zikiendelea kuegeshwa chini ya vyumba vya kulala. Tofauti kati ya modeli zilikuwepo: swichi ilikaa pembe tofauti, na mazingira ya breki hayakuwa sawa. Lakini mtu anayejua kwamba kifaa hicho kinapewa umeme wa fyuzi kubwa usiku kucha alikuwa na sababu ya kutosha kuyatilia shaka yote mapema.

Tiba nayo ilikua kwa hatua. Kubadilisha swichi, kama ilivyofanyika mwaka 1999, kunaweka kiwambo kipya mahali pa kilichochoka na kuiacha hatari nyingine mahali pake. Katika awamu za baadaye, vipuri vilipokuwa havitoshi, mafundi wa wauzaji walichomoa plagi ya swichi. Kruzi haikufanya kazi, lakini gari halikuungua. Tiba ya kudumu ikawa kipande cha waya chenye fyuzi yake ndogo, kilichochomekwa kati ya waya wa zamani na swichi. Kati ya hizo, hii ndiyo tiba ya kihandisi. Haitegemei kiwambo kisichanike. Inakubali kwamba siku moja kitachanika, na inahakikisha kwamba kikichanika umeme unaopita hautoshi kuwasha moto.

Kwa dereva, matokeo ya fyuzi hiyo kukatika ni kwamba kruzi inaacha kufanya kazi. Ndiyo sababu kruzi iliyokufa kwenye gari la zamani haipaswi kuchukuliwa kama anasa iliyopotea. Mfumo huu unagusa breki, usukani, spidomita na injini, na mara nyingi unakuwa wa kwanza kuonyesha kwamba kimojawapo kina tatizo.

Mfano rahisi ni taa za breki. Katika magari kadhaa ya zamani, kompyuta ya kruzi hupata ethi kwa kupitia nyuzi za balbu za breki zenyewe. Balbu zote zikiungua, ethi inapotea na kruzi inakataa kuwaka, kwa sababu mfumo hauwezi tena kuwa na hakika kwamba utaiona breki ikikanyagwa. Hali hiyohiyo huwapata wanaong'oa balbu za kawaida na kuweka taa za LED. Taa zinawaka vizuri, lakini ukinzani wake ni tofauti, na kruzi inagoma. Mwenye gari anahangaika na waya wa usukani wakati jibu liko nyuma ya gari.

Usukani nao una lake. Vitufe vya kruzi, honi na mfuko wa hewa wa dereva hupitisha umeme kwenye utepe wa nyaya uliozungushwa chini ya usukani, unaojikunja na kujikunjua kila dereva anapokata kona. Utepe ukikatika, vitu hivi hufa pamoja au kimoja baada ya kingine. Aprili 2014 Toyota ilitangaza mwito wa magari zaidi ya milioni 6 duniani, na takriban milioni 3.5 kati yake yalihusu utepe huo. RAV4 na Hilux zilikuwamo. Hizi ni gari zinazojulikana kila mji wa Afrika Mashariki. Honi ikikatakata, taa ya mfuko wa hewa ikabaki inawaka na kruzi ikakataa kwa wakati mmoja, fundi aanzie hapo, na achomoe betri kabla ya kugusa usukani, kwa maana mfuko wa hewa ukilipuka usoni unaweza kumjeruhi vibaya.

Sindano ya spidomita ikirukaruka, au ikilala kabisa, kruzi nayo haitashika, kwa kuwa haina habari ya mwendo. Sensa ya mwendo kwenye giaboksi au plagi yake ndiyo ya kuangaliwa. Kwenye magari ya zamani zaidi, ambayo kruzi huvuta kebo kwa nguvu ya vakyumu, mpira mdogo uliopasuka unatosha kuizima.

Mpangilio wa kutafuta tatizo hufuata gharama na hatari. Kwanza taa za breki, kwa sababu balbu ni bei ndogo na gari lisilo na taa za breki haliruhusiwi barabarani. Pili fyuzi, ikisomwa namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku, si rangi ya ile iliyokutwa ndani, maana huenda aliyetangulia aliweka kubwa. Tatu honi, taa ya mfuko wa hewa na spidomita. Nne mafuta ya breki: kama kiwango kinashuka na hakuna tairi lenye unyevu, swichi za presha zichunguzwe, na plagi zake zichomolewe kuona kama zina mafuta au kutu. Baada ya hayo ndipo kompyuta ya kruzi iguswe.

Crown Victoria na Grand Marquis ziliuzwa pia katika nchi za Ghuba, na magari ya Marekani yaliyotumika hufika bandari nyingi duniani. Anayenunua Ford, Lincoln au Mercury ya kati ya mwaka 1992 na 2004 yenye kruzi aitafute namba ya chasi kwenye orodha ya NHTSA mtandaoni, kisha afungue boneti na kuangalia kama ule waya wenye fyuzi ndogo umefungwa. Kama haupo, achomoe plagi ya swichi hiyo leo, kabla hajaliegesha gari karibu na nyumba. Na kwa gari lolote lile, fyuzi ikikatika irudishwe ya ampea zilezile. Ikikatika tena, atafutwe fundi umeme aliyebeba mita.