Sanamu, Zaka na Daraja: Uhakiki wa Matini za Kutambulisha Ukristo kwa Kiswahili

Matini zinazotambulisha Ukristo kwa Kiswahili, ziwe za shule, za vyuo vya ualimu au za warsha za maelewano baina ya dini, aghalabu hufuata mpango mmoja: imani kwanza, ibada baadaye, alama mwishoni. Msomaji huanza na Mungu mmoja katika Utatu na ufufuko wa Yesu, akapitia ubatizo na meza ya Bwana, akaishia kwenye msalaba, njiwa na samaki. Mpango wenyewe haunikeri. Ninachokihakiki hapa ni imani ya waandishi wake kwamba maneno ya Kikristo hayana asili wala mwenyewe, na kwamba aliyesoma "sanamu", "zaka" au "ubatizo" tayari ameelewa kinachosemwa. Baadhi ya maneno hayo yamekwisha kuegemea upande mmoja wa mgogoro ambao matini inadai kuueleza bila upendeleo.

Tuanze na sanamu, kwa kuwa ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Katika Kiswahili limepanuka. Mchongo wa askari uliosimama katikati ya Dar es Salaam huitwa sanamu, na hakuna anayedhani kwamba watu huuabudu. Lakini tafsiri za Biblia hutumia neno hilohilo katika amri inayokataza kuabudu vitu vilivyochongwa, na Mkatoliki naye husema "sanamu ya Bikira Maria" bila kusita. Basi matini ikiandika tu kwamba "Wakatoliki hutumia sanamu katika ibada", msomaji Mwislamu au Mpentekoste husoma humo ungamo la kosa, ingawa mwandishi alidhani ametoa maelezo tu. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulitenganisha heshima inayotolewa mbele ya picha takatifu na ibada ambayo ni ya Mungu peke yake. Kiswahili kina vitenzi vya kulibeba tofauti hilo, yaani kuheshimu na kuabudu, na matini yangeweza kuvitumia bila kubuni istilahi yoyote. Mtu anaweza kuukataa uamuzi wa Nikea, na Waprotestanti wengi wanaukataa, lakini hawezi kuukataa kwa haki kabla hajaelezwa ulisema nini. Pengo linaongezeka tunapowafikia Waorthodoksi, ambao wapo Uganda, Kenya na Tanzania. Wao huheshimu ikoni, picha zilizochorwa aghalabu juu ya mbao, na kuziita nazo sanamu ni kufuta tofauti ambayo wao wenyewe huijali.

Mkanganyiko huu unafika hadi kwenye hesabu. Wakatoliki na Walutheri huunganisha katazo la sanamu na amri ya kwanza, hivyo amri yao ya pili ni ile inayohusu kulitaja bure jina la Mungu. Waanglikana, Waorthodoksi na makanisa yenye asili ya mageuzi ya Calvin huhesabu katazo la sanamu kuwa amri ya pili. Swali la mtihani lisemalo "Amri ya pili inakataza nini?" lina majibu mawili sahihi, na mtoto anayeadhibiwa kwa jibu alilofundishwa kanisani kwake ameadhibiwa kwa sababu ya dhehebu lake. Hili ni jambo ambalo mshauri wa sera anaweza kulirekebisha kwa sentensi moja katika mwongozo wa watungaji wa mitihani.

Suala la pili ni urithi wa Kiarabu. Kanisa, msalaba, Injili, madhabahu, askofu, kasisi, shemasi, dhambi, toba na neema yote yalipitia lugha hiyo. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, aliuona urithi huu kuwa mzigo, akajitahidi kuweka maneno ya Kibantu badala ya yale ya Kiarabu. Jitihada yake ilikuwa ya kisomi na baadhi ya mapendekezo yake yalikuwa na ladha nzuri, lakini tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 haikuifuata njia hiyo, na wasomaji walibaki na maneno waliyoyazoea. Naona Roehl alikosea katika dhana ya msingi. Uarabu wa neno hauthibitishi kuwa ni la Kiislamu. Askofu ni neno la Kigiriki lililoingia Kiarabu. Kasisi na shemasi yalikuwa katika vinywa vya Wakristo wa Kisiria na wa Kiarabu karne nyingi kabla ya misheni za pwani yetu. Kwa upande mwingine, istilahi zinazosifiwa kuwa za Kibantu, kama vile Utatu, wokovu na mtakatifu, zilihitaji kufundishwa vilevile, kwani takata ni usafi kabla ya kuwa utakatifu.

Hata hivyo yapo maneno ambayo dini mbili zinayatumia kwa pamoja na kwa maana tofauti, na hapo ukimya wa matini hauna udhuru. Zaka kwa Mkristo ni sehemu ya kumi ya mapato. Kwa Mwislamu, zaka ya fedha na bidhaa za biashara ni sehemu moja ya arobaini, tena baada ya mali kufikia kiwango maalumu na kupitiwa na mwaka. Ni neno moja lenye hesabu mbili na sheria mbili. Madhehebu nayo, kwa Mwislamu, hukumbusha kwanza shule za fikihi kama ya Shafii, ilhali kwa Mkristo ni makanisa yasiyoshiriki meza moja. Mwalimu anayefundisha darasa la mchanganyiko anahitaji kuambiwa haya kwenye ukurasa, si kuyagundua baada ya wanafunzi kubishana.

Ndani ya Ukristo wenyewe istilahi hutambulisha kabla hazijaeleza. Atakayesema Ekaristi au misa amejitaja, na kadhalika atakayesema Chakula cha Bwana. Ubatizo wa "maji mengi", kama wasemavyo watu wenyewe, huhusishwa na Waadventista na Wapentekoste, na matini nyingi hulinganisha kuzamishwa kwa watu wazima na kunyunyiziwa kwa watoto kana kwamba hakuna njia nyingine. Waorthodoksi huwazamisha watoto wachanga mara tatu, na mpango huo wa safu mbili unavunjika. Sakramenti ya Daraja nayo ni mtego mdogo: daraja hapa ni cheo, maana yake ya Kiarabu, lakini mwanafunzi wa bara huona daraja la kuvukia mto, na nimewahi kusoma insha zilizoifafanua sakramenti hiyo kwa picha ya mto na ng'ambo. Zilikuwa insha nzuri, kwa kweli, ila hazikuhusu upadre.

Haja ya kuyaeleza haya imeongezeka kwa kuwa wasomaji wa Kiswahili wanaongezeka. Burundi ilikitambua Kiswahili katika sheria yake ya lugha ya mwaka 2014, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Katika nchi hizo Kiswahili kilihusishwa kwa muda mrefu na Waislamu wa mijini, na Uganda nako Askofu Alfred Tucker alikipinga kwa kukiona kuwa karibu mno na Uislamu. Mkristo wa Gitega au Huye ana msamiati kamili wa imani yake kwa Kirundi au Kinyarwanda. Akipewa matini ya Kiswahili inayodhani kwamba "madhabahu" inajieleza yenyewe, atajifunza neno bila dini, au atahisi kwamba dini yake imevishwa kanzu ya mtu mwingine.

Sehemu ya alama ndiyo dhaifu kupita zote, na sababu yake ni kwamba hunakiliwa kutoka vitabu vya Ulaya. Samaki wa makaburi ya Roma huelezwa kwa kirefu. Kanisa la Mkunazini mjini Unguja, lililojengwa na misheni ya Askofu Edward Steere mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, halitajwi. Msalaba uliosimamishwa mahali watu walipouzwa una maana ambayo ufafanuzi wa jumla hauwezi kuifikia, na una maswali yake pia, kwa kuwa Wazanzibari wengi ni Waislamu na historia ya soko hilo bado inabishaniwa.

Napendekeza kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na kwa wakuza mitaala wa nchi wanachama, faharasa ya istilahi za dini ambayo kila kidahizo chake kitaonyesha nani hulitumia neno, kwa maana gani, na nani hulikataa. Iandaliwe na wanaisimu wakiwa pamoja na makasisi, wachungaji na masheikh, na isidai kusanifisha matumizi ya kanisa lolote. Kidahizo cha kwanza kujadiliwa kiwe "sanamu", na rasimu yake isomwe na Mkatoliki, Mwadventista, Mworthodoksi na Mwislamu kabla haijapigwa chapa.