Pumzi ya Mpiga Filimbi

Pale Mikese, ukiiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro ukaelekea upande wa reli ya kati, kuna mzee anayefundisha filimbi chini ya mwembe. Mwanafunzi wake ni kijana wa bodaboda. Siku niliyowakuta, kijana alikuwa ameikamata filimbi kwa pupa ya mtu aliyekuja kupiga wimbo, lakini mzee hakumruhusu aweke kidole hata kwenye tundu moja. "Puliza tu," alimwambia. Kijana akapuliza, ikatoka hewa tupu, kama mtu anayepoza chai. "Tena, mjukuu wangu." Akapuliza tena, na tena, mpaka akaketi chini kichwa mikononi, kizunguzungu kimemshika. Mzee akacheka. "Unapulizia kifua, babu. Ishushe tumboni."

Kisha akafanya jambo ambalo bado ninalo machoni. Aliuchukua mkono wa kijana, akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe, penye vifungo vya shati, akaipeleka filimbi mdomoni. Sauti ikatoka moja, haipandi wala haishuki. Lori la mizigo lilipita barabarani likatokomea kuelekea mjini, na mzee bado yumo katika sauti ileile. Kijana hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiutazama mkono wake, namna unavyoshuka polepole pamoja na lile tumbo. Mzee alipomaliza hakuhema. Alimtazama tu mwanafunzi, naye kijana akatikisa kichwa kama aliyeambiwa siri ya nyumba.

Hilo ndilo lilikuwa somo zima la asubuhi ile. Hakuna wimbo uliopigwa.

Filimbi yenyewe haikuwa ya mwanzi. Ilikuwa kipande cha bomba la maji, la plastiki, matundu yake yametobolewa kwa msumari wa moto na kupimwa kwa upana wa vidole. Mzee hakuionea haya, ila alieleza bila kuulizwa. Mwanzi, alisema, hukatwa ukiwa umekomaa, ukaanikwa kivulini, na ukibahatika hukaa juu ya jiko ukapata moshi, ili dumuzi wasiuguse. Ukikatwa mchanga, ukikauka hunywea na kupasuka, na kazi yako yote inakwenda na maji. Siku hizi anayekata mianzi ana haraka zake: matenga ya nyanya, nyua, mabanda. Nani ataungoja? Bomba linapatikana duka la vifaa vya ujenzi siku hiyohiyo. "Sauti yake si mbaya," alisema, akaligeuzageuza lile bomba, kisha akanyamaza.

Sisi wa Morogoro tunajua kujisifu kwa muziki, na tuna haki. Mji huu ulikuwa wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Ukawa wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, waliopiga hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Lakini hizo ni sifa za gitaa. Mpiga filimbi wa milima ya Uluguru hakupata santuri yenye picha yake, wala hatukuzoea kumhesabu kuwa mtu mwenye kazi. Tulimwona mchungaji wa mbuzi anayejiliwaza, au mzee wa ngomani anayelipwa kwa kibuyu cha pombe.

Kwamba filimbi ni kazi ya kumtosha mtu maisha yake yote, Waganda walilijua zamani. Katika kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo kulikuwa na kundi la wapiga endere, filimbi yao yenye matundu manne, ndogo na kubwa zikipokezana pamoja na ngoma. Albert Ssempeke alikuwa mmoja wao. Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote lilipolivamia kasri, Kabaka Mutesa alikimbilia Uingereza, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Fikiria fundi ambaye mwajiri wake amefutwa kwa sheria! Ssempeke hakuitupa endere. Alipiga ala nyingine pia, ikiwemo kinubi cha ennanga, akafundisha, na katika miaka ya 1980 akaenda kuwafundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako Peter Cooke, mtafiti aliyejifunza muziki wa Buganda, alikuwa mwalimu. Mwanawe, Albert Bisaso Ssempeke, alirithi kazi hiyo. Kasri lilivamiwa, lakini mwanafunzi alikuwepo nyumbani.

Kwetu nitamtaja Hukwe Zawose, ingawa jina lake lilitoka kwa marimba na zeze kuliko filimbi. Mwalimu Nyerere alimwita kutoka Ugogoni, naye akaja kuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huohuo, walitoa albamu yao ya Maisha. Tunapowashangilia tunasema Tanzania imelinda urithi wake. Hapana. Ukoo ndio ulioulinda, katika ua wa nyumba yao, kwa watoto kukaa karibu na wakubwa wakipiga.

Mwalimu wa filimbi asiye na ukoo wa namna hiyo afanyeje? Kwenye ziara ya kiongozi ataitwa, atavishwa kaniki na shanga, atapiga dakika chache wageni wakishuka kwenye magari, kisha atapewa soda na nauli. Anaitwa kupiga; sijasikia akiitwa kufundisha. Shule zetu zinatafuta walimu wa hesabu, ni sawa, watafutwe. Lakini hata pale muziki unapofundishwa, kinanda cha umeme hupewa meza na kabati lenye kufuli, na mzee anayejua kupuliza anaishi mtaa wa pili bila mtu kubisha hodi kwake. Wenzetu Wakenya angalau wana tamasha la muziki la shule, lililoanza mwaka 1927, ambako siku hizi ala za asili nazo hushindanishwa. Sisemi mashindano yanatosha. Nasema mtoto wa Kidigo ana jukwaa la kuipigia chivoti, filimbi yao, akiwa na sare ya shule, na wa Kiluguru hana la filimbi yake.

Arusini siku hizi ukisikia filimbi, usigeuke kumtafuta mpigaji. Ni kinanda, kidole kimebonyeza kitufe. Sauti hiyo haichoki, haikosei, na haivuti pumzi popote, ndiyo maana huchosha masikio kabla bibi arusi hajaingia ukumbini.

Kuna wanaojifariji kwamba mambo yamehifadhiwa. Ni kweli, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake akirekodi ala na nyimbo za nchi hii, na kanda zake zimetunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, nyingine zikisikika leo hata kwenye simu. Kijana wa Mikese mwenye bando anaweza kusikiliza pumzi za watu waliokufa kabla baba yake hajazaliwa. Nimezisikiliza kanda za filimbi za namna hiyo, mara kwa mara, nikitafuta mpigaji anavuta pumzi wapi. Sijapaona, kwa sababu fundi aliyefunzwa vizuri huvuta pumzi bila kusikika, na pa kuweka mkono kwenye tumbo lake hapapo.