Kunde, nyongo na mkasi wa tumbo

Ukitoka Mbalizi kwenda Mkwajuni, barabara inashuka hadi Galula, na joto la Bonde la Rukwa linakupokea. Maharage kwao ni huko juu, kwenye ubaridi wa Mbozi na Ileje. Huku bondeni, jamii ya mikunde inayostahimili jua ni kunde: majani yake mboga, mbegu zake kitoweo cha ugali. Ni zao la Afrika, lililovuka Atlantiki zama za utumwa hadi likawa chakula cha kila siku kaskazini mashariki mwa Brazili. Na ni huko Brazili, katika Chuo Kikuu cha São Paulo, ambako watafiti walitaka kujua protini ya kunde inapunguzaje kolesteroli, ile ambayo wataalamu wetu wa lishe huiita lehemu.

Namna walivyoifanya kazi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu siku hizi neno "peptidi" linauziwa watu kama dawa ya chupa.

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na peptidi ni kipande kifupi cha mnyororo huo. Katika kunde kavu, vipande vinavyotajwa bado vimo ndani ya protini ya akiba, ile ambayo mmea umejiwekea kwa ajili ya kuota. Havifanyi kazi mpaka vikatwe. Kwa hiyo maabara iliiga tumbo. Protini ilitengwa kutoka kwenye unga wa kunde, ikapewa pepsini katika hali ya asidi kama tumboni, kisha vimeng'enya vya kongosho katika hali ya utumbo mwembamba. Mchanganyiko ukachujwa, vikachukuliwa vipande vidogo.

Vipande hivyo vilipimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuona kama vinazuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli, HMG-CoA reductase. Hicho ndicho kinachozuiwa na statini, dawa ambazo Akira Endo alianza kuzigundua kwenye kuvu huko Japani miaka ya 1970. Ya pili inahusu nyongo. Sufuria yenye mafuta ukiimwagia maji matupu, mafuta hayatoki. Tia sabuni, yanavunjika matone madogo na kuondoka na maji. Chumvi za nyongo hufanya hivyo utumboni: huibeba kolesteroli katika vitone vidogo sana hadi kwenye ukuta wa utumbo, nayo inafyonzwa. Peptidi za kunde zilipotiwa kwenye vitone vilivyotengenezwa maabara, kolesteroli iliyoweza kubebwa ilipungua. Isiyobebwa hutoka na choo.

Njia zote mbili zilionyesha matokeo, lakini mimi naiamini zaidi hiyo ya pili. Ili peptidi izuie kazi ya ini, lazima ivuke ukuta wa utumbo ikiwa nzima na ifike kwenye damu, na nyingi hukatwakatwa zaidi zikiwa njiani. Kwenye nyongo haihitaji kwenda popote. Kazi yake inaishia pale pale utumboni.

Halafu ikaja zamu ya kupima kwa watu. Mwaka 2015 Karoline Frota na wenzake wa kundi hilo la São Paulo walichapisha jaribio la watu wazima 38 wenye kolesteroli iliyopanda kiasi. Kwa wiki sita walikunywa kila siku kinywaji chenye gramu 25 za protini ya kunde, na kwa wiki sita nyingine kinywaji chenye protini ya maziwa. Kwa kunde, kolesteroli yote ilishuka kwa asilimia 12, na LDL, tunayoiita mbaya, kwa karibu asilimia 19.

Gramu 25 za protini si kidogo. Kunde kavu zina takriban robo ya uzito wake protini, kwa hiyo ni kama gramu 100 za kunde kavu kila siku, bakuli lililojaa hasa zikishaiva. Na watu 38 ni wachache. Uchambuzi wa Kanada wa mwaka 2014, uliojumlisha majaribio 26 ya maharage, dengu, njegere na jamii yake, ulikuta LDL ikishuka kwa asilimia 5 hivi. Hiyo ndiyo namba ninayoitegemea, na haitoshi kumfanya mtu aliyeandikiwa statini aziache.

Kuna matokeo mengine ya kundi hilo hilo la São Paulo, ya mwaka 2008, ambayo wauza chupa hawayataji. Hamsta waliolishwa kunde nzima walishuka kolesteroli kwa karibu nusu. Waliopewa protini iliyotengwa, kwa moja ya tano tu. Nyuzinyuzi na vingine vilivyoachwa nyuma wakati wa kutenga protini vilikuwa na kazi yake. Mama wa Galula anayeloweka kunde usiku na kuzichemsha asubuhi hatengi kitu. Linalobaki ni mafuta ya kuungia: alizeti, au mawese ya Kyela, ambayo karibu nusu yake ni aina ya mafuta inayoipandisha LDL. Chungu hicho, kikiwa na mafuta yake, ndicho ambacho ningependa kuona kikipimwa.