Kumfunza Mtoto Upepo Utokako

Katika somo nililolishuhudia huku Unguja, wanafunzi wakiwa watoto wa miaka 5 na 6, mwalimu hakuanza na majina ya mawingu, yale ambayo Mwingereza Luke Howard aliyapanga kwa Kilatini mwaka 1802, na ambayo mtoto aweza kuyahifadhi pasipo kuinua kichwa. Bali aliwasimamisha asubuhi, mkono wa kulia ukielekea mawio ya jua, hata wakatambua kwamba uso watazama kaskazini na kisogo kusini.

Kisha alifunga utepe kwenye ufito, mbali na kuta, maana upepo wa vichochoroni hufuata kichochoro wala hausemi kweli. Hapo ndipo penye uzito wa somo: mtoto auonapo utepe ukipepea kuelekea kaskazini-magharibi husema upepo ni wa huko, kwa kuwa jicho hufuata kiendacho, ilhali upepo huhesabiwa kwa upande utokako, na huo ulikuwa kusi, upepo utokao kusini-mashariki. Mwalimu hakumrekebisha kwa maneno. Alimwamuru ageuze uso taratibu mpaka upepo umpige sawasawa mashavu yote mawili, ndipo autazame utepe na kuuona umelala upande wa mgongoni kwake. Naona hekima kubwa katika utaratibu huu, kwani ngozi ilisahihisha kosa la jicho.

Mawingu yalikuwa magumu zaidi, maana mtoto aangaliapo juu huyumba, na wingu lisilo na alama ya kulipimia huonekana limesimama. Basi kioo kililazwa chini, kivulini, ambapo mng'ao wa jua hauwezi kudhuru macho, na pande nne zikachorwa kwa chaki kukizunguka. Mtoto huinama, kichwa kimetulia, akalifuatia wingu likivuka kioo, na mwelekeo wake humo ni ule ule wa mbinguni. Ndiyo kanuni ya nefoskopu ya kioo, chombo cha wataalamu wa hali ya hewa. Watoto walipogundua kuwa mawingu ya juu sana yanakwenda njia isiyo ya utepe, walistaajabu, nami nilifurahi mwalimu hakuharakisha jawabu.

Kasoro niliyoiona ni kwamba mshale wa upepo ulichorwa daftarini asubuhi tu. Bara na bahari hupokezana upepo baina ya alfajiri na alasiri, na asiyepima mara mbili ataudhania umande, yaani upepo wa asubuhi utokao bara, kuwa ndio upepo wa msimu.