Jinsi Kitabu cha Injini za Silinda Moja Kinavyouzwa

Old Marine Engines: The World of the One-Lunger, kitabu cha Stan Grayson, kilitolewa mwaka 1982 na International Marine, wachapishaji wa mji wa Camden katika jimbo la Maine, Marekani. Kinahusu injini za petroli za silinda moja zilizosukuma mashua za uvuvi na za matembezi katika pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye kilitoka upya chini ya Devereux Books, lakini nakala za 1982 haziongezeki tena, na kila moja inayouzwa inatoka mikononi mwa mtu au katika rafu ya maktaba. Kuiuza vizuri kunaanzia kwenye injini zenyewe, kwa kuwa ndizo zinazomleta mnunuzi.

Nyingi za injini hizo hazina plagi. Ndani ya silinda mna ncha mbili za chuma zinazogusana, na mkondo wa betri hupita kwenye koili na kwenye ncha hizo. Pistoni inapokaribia kufika juu, fimbo inayoendeshwa na mtambo huziachanisha ghafla, mkondo unakatika na cheche inaruka papo hapo penye mvuke wa petroli. Volteji ni ndogo, kwa hiyo maji ya chumvi yanayorukia waya hayapotezi umeme kwa urahisi. Ndiyo sababu wavuvi wa Maine, Nova Scotia na Newfoundland waliziamini. Nyingi pia hazina gia ya kurudi nyuma. Nahodha alikata umeme, akasubiri flaiwili ipungue kasi hadi karibu kusimama, kisha akaurudisha wakati pistoni ingali inapanda. Mlipuko uliipiga pistoni kabla haijafika juu, injini ikaanza kuzunguka kinyume na mashua ikarudi nyuma. Kazi hiyo ilitaka mkono uliozoea, na hakuna mtu anayeweza kuibahatisha leo bila kufundishwa au kusoma.

Viwanda vilivyozitengeneza vilikuwa vingi, na baadhi vilikuwa katika miji midogo kabisa: Lathrop huko Mystic na Palmer huko Cos Cob, vyote katika Connecticut; Knox katika Maine; Acadia huko Bridgewater na Atlantic huko Lunenburg, Nova Scotia. Karibu vyote viliacha kuzitengeneza zamani. Anayeikuta injini ya namna hiyo bandani mara nyingi ana kibati cha shaba chenye jina na namba, na hana zaidi. Hana duka la vipuri la kwenda wala fundi wa jirani wa kumuuliza. Kwa mtu huyo kitabu ni kifaa cha kazi, na atakilipia kama anavyolipia kifaa. Wauzaji wengi hawalioni jambo hili. Wanakipanga kitabu pamoja na vitabu vya picha za mashua, kisha wanashangaa kikikaa miaka bila kuulizwa.

Hatua ya kwanza ni kutambua toleo, na ukurasa wa haki ya kunakili ndio shahidi bora kuliko jalada. Muuzaji husoma jina la mchapishaji, mwaka, na maelezo yoyote ya kuchapishwa tena. Namba ya ISBN husaidia, lakini yataka uangalifu. Kitabu cha 1982 kina ISBN ya tarakimu 10, ilhali tangu Januari 2007 namba hizo zina tarakimu 13. Kuigeuza ya zamani si suala la kutanguliza 978 tu, kwani tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na lazima ikokotolewe upya. Anayeisahau huona programu ikimwambia kwamba kitabu hakipo. Vitabu vya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 havina namba yoyote ya aina hiyo. Hutafutwa kwa jina la mwandishi, mchapishaji na mwaka.

Hali ya nakala hufuata. Wauza vitabu wa Marekani wana ngazi za maneno zilizopendekezwa na jarida lao la biashara mwaka 1949, kuanzia nakala iliyo kama mpya hadi iliyochakaa, na wanunuzi wazoefu hushikilia maneno hayo kwa ukali. Kitabu cha ufundi kina hali yake maalumu: mara nyingi kimekaa karakanani. Alama za vidole vyenye grisi, ukurasa uliokunjwa penye mchoro, hesabu zilizoandikwa pembeni kwa penseli, mhuri wa maktaba, jaketi la karatasi lililochanika, vyote husemwa na kupigwa picha. Mkusanyaji wa vitabu atapunguza bei kwa ajili ya grisi. Mrekebishaji wa injini hatajali, mradi kurasa zote ziwepo. Kuficha dosari hakumsaidii muuzaji hata kidogo, maana katika kundi dogo la wapenzi wa injini hizi habari husambaa upesi.

Tangazo linapoandikwa, kazi muhimu kuliko zote ni kufungua faharasa. Mwenye injini hatafuti kwa maneno “kitabu cha injini za zamani”. Anaandika jina lililo kwenye kibati chake. Muuzaji anayetaja watengenezaji waliomo, na kueleza kama kuna michoro au picha, hupatikana na mtu huyo. Anayenakili muhtasari wa nyuma ya jalada hapatikani.

Bei ndiyo mahali ambapo wengi hupotea, kwa sababu bei inayoombwa si bei iliyolipwa. Mwaka 2011 Michael Eisen, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha jambo hilo wazi. Kitabu cha Peter Lawrence, The Making of a Fly, kilichotoka 1992, kilifikia bei ya zaidi ya dola milioni 23 katika Amazon. Programu ya muuzaji mmoja iliweka bei yake kuwa mara 0.9983 ya mwenzake. Ya mwenzake iliweka mara 1.270589. Kila mzunguko ulipandisha bei kwa takriban asilimia 27, na hakuna binadamu aliyekuwa akiangalia. Kwa hiyo muuzaji makini hutazama mauzo yaliyokamilika, hasa minada ya eBay iliyofungwa, na huchunguza kama kuna toleo jipya sokoni. Toleo jipya likiwepo, mrekebishaji hulinunua hilo, na nakala ya kwanza hubaki na thamani kwa mkusanyaji peke yake.

Mahali pa kuuzia huchaguliwa kulingana na mnunuzi. AbeBooks, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2008, huwafikia watafutaji wa vitabu adimu. Matangazo ya jarida la WoodenBoat, lililoanza 1974, na ya Gas Engine Magazine, lililoanza 1966, huwafikia wenye mashua na injini moja kwa moja. Ndani ya Marekani posta ina kiwango nafuu cha vitabu, kiitwacho Media Mail. Ni cha polepole, na mnunuzi huambiwa hivyo kabla ya kulipa. Kitabu hufungwa kwanza kwa plastiki dhidi ya unyevu, kikabanwa kati ya vipande viwili vya kadibodi vinavyozidi kingo zake, ndipo kikaingia kwenye boksi lisilokiachia nafasi ya kucheza, kwa kuwa pembe za jalada gumu ndizo huumia kwanza.