Ngazi, Yai na Miiba

Ukipewa picha ya darubini ya Hubble iitwayo Hubble Deep Field, ile ya mwaka 1995, usikimbilie galaksi. Angalia kwanza ukingo. Picha si mraba. Pembe moja imemegwa: mstari unaingia ndani, unakunja, unaingia tena, hata eneo zima likawa na umbo la ngazi. Wachapishaji wengi huikata sehemu hiyo wabaki na mraba safi unaokaa vizuri kwenye jalada, na kwa mkato huo huwa wametupa sentensi ya kwanza ya matini.

Ngazi ile ina sababu. Kamera iliyopiga picha, WFPC2, ilikuwa na vihisio vinne. Vitatu vilitazama eneo pana. Cha nne kilitazama eneo dogo kwa ukuzaji mkubwa zaidi. Vyote vinapoletwa kwenye kipimo kimoja, mraba wa cha nne unasinyaa, na nafasi inayobaki pembeni yake inajazwa weusi. Weusi huo haufanani na ule wa ndani. Ndani ya ngazi, giza maana yake ni kwamba tumetazama na hatukuona kitu. Nje ya ngazi, giza maana yake ni kwamba hakuna aliyetazama. Sijui picha nyingine maarufu inayotenganisha kutoona na kutotazama kwa uwazi kiasi hicho, na inafanya hivyo bila neno moja la maelezo.

Kuna ukingo mwingine usioonekana, nao unatokana na obiti. Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990 ndani ya chombo cha Discovery, ikatolewa kwa mkono wa mitambo siku iliyofuata, na tangu hapo huizunguka dunia mara moja kwa takriban dakika 95, ikiwa juu kilomita mia kadhaa tu. Mtazamaji anayekaa karibu hivyo na dunia husumbuliwa na dunia yenyewe. Kwa sehemu kubwa ya anga, karibu nusu ya kila mzunguko sayari yetu hupita mbele ya kioo na kuziba kila kitu. Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi ya Baltimore inayosimamia kazi za Hubble, alipoamua kutumia muda aliotengewa mkurugenzi kutazama mahali pamoja kwa siku kumi, tarehe 18 hadi 28 Desemba 1995, mahali penyewe pasingeweza kuwa popote. Palitakiwa pawe mbali na ukanda wa Njia Nyeupe, pasiwe na nyota angavu, na pawe katika eneo ambalo Hubble huliona mzunguko mzima bila dunia kukatiza. Kijipande cha anga katika kundi la nyota la Dubu Mkubwa kilitimiza masharti. Picha 342 zikapigwa na kuunganishwa, na galaksi kama 3,000 zikajitokeza mahali palipodhaniwa patupu.

Tumezoea kusoma picha hiyo kama ushindi wa subira. Ni kweli, ila subira hiyo ilikuwa na mizani yake. Malenga anayetunga kwa mizani kumi na sita hachagui kila neno alipendalo. Hesabu imeshamwondolea mengine kabla hajafungua kinywa. Vivyo hivyo njia ya Hubble ilishaondoa sehemu kubwa ya anga kabla ya kamati yoyote kukaa. Shuleni tulifundishwa kugawa daftari sehemu mbili, fani huku na maudhui kule, na mtihani ulitutuza kwa kutozichanganya. Mbele ya picha za ulimwengu mchanga mgawanyo huo hauna kazi. Roketi, obiti, kivuli na upana wa pua ya roketi vimo ndani ya picha yenyewe, na anayejua pa kutazama huviona.

Yai la Planck nitalipita haraka, kwa sababu limeshaandikwa mno na kwa sababu, kusema kweli, linanichosha. Setilaiti ya Planck ilirushwa pamoja na darubini ya Herschel kwa roketi moja ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, tarehe 14 Mei 2009. Ilijizungusha mara moja kila dakika, ikichora pete kubwa angani, pete juu ya pete, hadi anga lote likafunikwa. Ramani iliyotolewa Machi 2013 inaonyesha mwanga ulioachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, katika umbo la yai lililolala, lenye madoa ya buluu na ya rangi ya chungwa. Madoa hayo ni tofauti za joto ndogo mno, sehemu chache tu katika laki moja. Rangi ndizo zinazopaza sauti. Ukingo wa yai nao haupo angani: umezaliwa na kazi ya kulaza tufe kwenye karatasi, na doa linalokatika upande wa kushoto huendelea upande wa kulia. Zaidi ya hayo, kitu kilichong'aa kuliko vyote katika data, yaani ukanda wa galaksi yetu wenyewe, kimefutwa kwa ustadi ili tuone kilicho nyuma yake. Ngazi ya Hubble inakiri mahali isipotazama. Yai linaficha mishono yake yote.

Tuje kwa darubini ya Webb, na hapa inafaa kuanza na filamu kabla ya picha. Tarehe 25 Desemba 2021, saa tisa na dakika ishirini alasiri kwa saa zetu, Ariane 5 iliondoka Kourou ikiwa imeibeba. Mahali hapo pako nyuzi tano tu kaskazini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure inapoelekea mashariki. Kwa sababu hiyohiyo Waitalia walijenga majukwaa yao ya kurushia baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na ndipo iliporushwa setilaiti ya miale ya eksi iliyopewa jina la Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Roketi inayotoka Kourou kuelekea mashariki huvuka Atlantiki na kuikuta Afrika, na kituo cha Malindi ni kimoja katika mnyororo wa vituo vinavyoifuatilia. Dakika 27 baada ya kuondoka, kwenye kimo cha kilomita kama 1,400, darubini iliachana na roketi.

Kamera iliyorekodi tukio hilo ilifungwa kwenye hatua ya juu ya roketi. Haikuweza kugeuka, kusogea wala kuvuta karibu. Darubini inaondoka polepole katikati ya fremu, ikiwa imekunjwa, ikimetameta upande mmoja, dunia ikiwa imejaa mwanga pembeni. Hakuna mkato. Kisha, ikiwa bado karibu kiasi cha kuonekana vizuri, bawa la paneli ya jua linafunguka na kushika mwanga. Mwongozaji yeyote angetaka kamera imfuate mhusika. Hapa mhusika anazidi kuwa mdogo na kamera inabaki ilipo, kwa kuwa kamera yenyewe ni sehemu ya kile kinachoachwa. Matangazo ya siku ile yalikuwa na maneno mengi ya kishairi kutoka kwa watangazaji, na yote yanaweza kusahauliwa. Shoti ile moja inatosha.

Baada yake jukwaa likafungwa. Webb haikubeba kamera ya kujitazama ikijikunjua. Wahandisi walilifikiria jambo hilo wakaliacha: waya za ziada, joto la ziada, upande mmoja wenye mng'ao mkali na upande mwingine wenye giza la kutoonyesha chochote. Kwa hiyo sehemu ya hatari kuliko zote, yenye mahali 344 ambapo hitilafu moja ingetosha kuua kazi nzima, ilichezwa nyuma ya pazia. Ngao ya jua yenye tabaka tano na ukubwa kama uwanja wa tenisi ilikazwa tarehe 4 Januari 2022. Bawa la mwisho la kioo lilijifunga tarehe 8. Watazamaji walipewa chumba cha Baltimore, watu waliovaa barakoa na vipokea sauti, wakisoma namba na kisha kupiga makofi. Ni mbinu kongwe ya tamthilia: vita hupiganwa nje, tarishi huingia na habari. Tofauti ni kwamba hapa tarishi alikuwa grafu, na waigizaji waliomsikiliza hawakuwa wakiigiza.

Na kwa nini safari ndefu hivyo, kilomita milioni 1.5, badala ya kukaa karibu kama Hubble? Sababu zinafuatana zikisukumana. Mwanga wa galaksi za kwanza umenyooshwa na upanukaji wa ulimwengu hata ukatoka kwenye rangi tunazoziona ukaingia infraredi. Infraredi ndiyo mwanga unaotolewa na kila kitu chenye joto, kikiwemo chombo chenyewe. Ni lazima darubini iwe baridi sana, zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, na jirani moto kama dunia hafai. Katika nukta iitwayo L2, jua, dunia na mwezi vyote huwa upande mmoja, hivyo ngao moja huvikinga vyote pamoja.

Hata hivyo Webb haikai kwenye nukta hiyo. Inaizunguka, katika pete kubwa kuliko njia ya mwezi kuzunguka dunia, na huchukua miezi kama sita kukamilisha duru moja. Inakwepa kivuli cha dunia, maana bila jua paneli zake hazina umeme. Ni chombo kinachokimbia joto la jua na wakati uleule hakiwezi kuliacha jua.

Sehemu ya muundo huu ninayoipenda kuliko zote ni upungufu wake wa makusudi. Injini za kurekebisha mwendo ziko upande wa jua peke yake, kwa kuwa upande wa baridi haustahimili moshi wala joto. Webb inaweza kujisukuma kwenda mbali na jua. Kurudi haiwezi, isipokuwa igeuke na kuvianika juani vyombo vyake vya baridi. Hivyo Ariane iliagizwa iirushe kwa nguvu pungufu kidogo, na Webb imalizie yenyewe: mara ya kwanza saa kama 12 na nusu baada ya kuruka, mara ya pili tarehe 27 Desemba, mara ya tatu tarehe 24 Januari 2022, siku ya kufika. Mpaka leo huishi hivyo. Mwenye mkokoteni anayepandisha mzigo mlimani anajua hesabu hii: ukipitiliza kilele mzigo unakukimbia na huna kamba ya kuuvuta, basi unausimamisha hatua chache kabla na kuusukuma kidogo kila unapotaka kurudi nyuma. Ariane ililenga vizuri kiasi kwamba mafuta yaliyookolewa yalibadilisha matarajio ya umri wa kazi, kutoka miaka kumi hadi zaidi ya ishirini.

Sasa picha. Ile iliyotolewa Ikulu ya Marekani tarehe 11 Julai 2022, ya kundi la galaksi SMACS 0723, ilitokana na kutazama kwa saa 12 na nusu tu. Haina ngazi, kingo zake ni safi kupita kiasi kwa ladha yangu, lakini ina miiba. Kila nyota angavu imechomoza miiba minane: sita mirefu na miwili mifupi ya mlalo. Hubble huchora minne. Ile sita mirefu hutoka hasa kwenye kingo za vipande 18 vyenye pembe sita vinavyounda kioo cha mita 6.5, miwili mifupi hutoka kwenye mhimili wima unaoshika kioo kidogo cha mbele. Kioo kiliundwa kwa vipande kwa sababu ilibidi kikunjwe, na kilikunjwa kwa sababu pua ya Ariane 5 ilikuwa na upana wa mita 5.4 kwa nje. Upana wa roketi umeandikwa juu ya kila nyota.

Hapo ndipo msomaji wa picha hii anapata ufunguo. Chenye miiba ni jirani, nyota ya galaksi yetu iliyojipenyeza mbele ya kamera. Mada yenyewe ni vile visivyo na miiba inayoonekana, vilivyofifia na kusambaa: tao za mwanga zilizopindwa na uzito wa kundi lile, na vidoa vyekundu ambavyo jicho huviruka. Mpangilio huu unampa kelele asiyehusika na kumnyima sauti mhusika mkuu. Wanaosifu miiba kama pambo wanasoma kibwagizo na kuacha beti.

Galaksi JADES-GS-z14-0, ambayo tunaiona jinsi ilivyokuwa miaka kama milioni 290 tu baada ya Mlipuko Mkuu, ni kidoa cha namna hiyo. Picha haikutosha kuithibitisha. Mwezi Januari 2024 Webb iliichambua kwa karibu saa kumi, na ushahidi ukaja katika umbo lingine kabisa: mstari wa grafu unaotambaa chini bila kitu, kisha ghafla, kwenye urefu mmoja wa mawimbi, unaruka juu. Kwangu mimi huo ndio mstari bora kuliko yote ambayo darubini hizi zimetunga, na magazeti yanaendelea kuweka miiba kwenye jalada.